Bayosimila zimeidhinishwa, mbona bima inang'ang'ania dawa ya bei ghali?

Swali
Habari wadau. Nipo Marekani, natumia adalimumab kwa baridi yabisi. Kila mwaka nasikia bayosimila mpya (dawa inayofanana sana na ile ya asili iliyotengenezwa na chembe hai) imeidhinishwa, lakini bima yangu bado inalipia Humira tu, yaani adalimumab ya asili. Kwa nini hazishindani kama jeneriki za vidonge, yaani nakala zake za bei nafuu? Au ni FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, inabana?

Jibu (mfamasia)
Pole na maumivu. Hili linanikera sana, kwa sababu kibali hakikuwa kikwazo. Amjevita, bayosimila ya kwanza ya Humira, iliidhinishwa Septemba 2016 ikaja kuuzwa Januari 2023. Ulaya wagonjwa walianza kupata bayosimila za adalimumab Oktoba 2018! AbbVie, mtengenezaji wa Humira, ilirundika hataza (haki za kisheria za mvumbuzi) zaidi ya 100 kwenye dawa hiyo moja, washindani wakaona heri wapatane na kusubiri. Halafu kuna madalali wanaopanga orodha za dawa za bima. Mtengenezaji huwarudishia sehemu ya bei, na bei ikiwa kubwa, marejesho nayo hunona. Bayosimila ya bei nafuu inakosa wa kuisemea. CVS Caremark, mmoja wa madalali hao, ilipoitoa Humira kwenye orodha zake kuu Aprili 2024, ndipo bayosimila zikaanza kwenda kwa kasi.

Jibu
Lakini tuwe wa haki. Dawa hizi hutengenezwa na chembe hai, gharama yake si ya kidonge. Mvumbuzi asipolindwa nani atathubutu?

Mfamasia
Alindwe, sikatai. Sheria ya Marekani ya 2010 inampa miaka 12 ya ulinzi dhidi ya bayosimila. Humira iliidhinishwa mwisho wa 2002, kwa hiyo ulinzi huo uliisha mwisho wa 2014. Hiyo miaka minane iliyofuata ilikuwa ya nini?

Muulizaji
Sasa mfamasia anaweza kunibadilishia bila kumrudia daktari?

Mfamasia
Kama FDA imeitambua kuwa ya kubadilishana na sheria ya jimbo lako inaruhusu, ndiyo. Ila soma boksi lako. Humira nyingi siku hizi ni 40 mg ndani ya 0.4 ml, wakati Cyltezo, bayosimila nyingine, ilipata hadhi hiyo 2021 kwa ile ya 0.8 ml. Ujazo ukitofautiana, mikono yetu imefungwa, lazima daktari aandike upya. Mwambie aandike adalimumab ya 0.4 ml na ataje jina la bayosimila iliyomo kwenye orodha ya bima yako. Orodha hiyo waombe kabla ya kwenda kliniki.