Wakuu, 4,294,967,297 ni namba tasa au si tasa?

Mwalimu wa Tuisheni: Habari za jioni wanajamvi. Nafundisha hisabati tuisheni, kidato cha pili. Juzi kijana kanyoosha mkono: "Mwalimu, 4,294,967,297 ni tasa?" Nikajaribu 3, 5, 7, 11, 13, zote zinabakiza. Nikamjibu mbele ya darasa zima kwamba ni tasa. Tangu hapo roho haijatulia. Usiku huu nimegawa mpaka 199, daftari limejaa, hakuna iliyoingia. Jumatatu atarudi yule. Nigawe mpaka wapi jamani?

Kobe: Mpaka kwenye kipeuo cha pili mkuu, 65,536 na nukta kidogo. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542. Mkesha mwema 😂

Fundi Mitambo: Hiyo ukiitoa 1 unapata 2 kwa kipeo cha 32, idadi ya anwani zote za IP toleo la 4, zile namba za kutambulisha vifaa kwenye intaneti. Kama ni tasa au la, hapo sina msaada.

Bibi Hesabu: Mwalimu, weka kalamu chini kwanza. Pole, si tasa, ila umekosea pamoja na wakubwa. Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukijumlisha 1) zote ni tasa, akaamini inayofuata, ya kipeo cha 32, yaani hii yako, nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akamuumbua.

Wala Euler hakugawa ovyo kama wewe. Alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi anza na 193, halafu 257, 449, 577, 641. Hata 257 iruke: rudi kwenye daftari lako utaona 3, 5 na 17 zote zimebakiza 2, na 257 itafanya hivyohivyo, kwa sababu 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu ya yako kwa 2.

Mwalimu wa Tuisheni: Kweli, zote tatu baki 2! Nilidhani nimekosea kugawa. Ngoja nijaribu hizo nne.

Mwalimu wa Tuisheni: 641 imeingia! Mara 6,700,417, baki sifuri. Nimezidisha kurudi nyuma, imetimia. Kumbe nilikuwa naelekea kukata tamaa kwenye 199.

Kobe: Sasa darasani utasemaje?

Mwalimu wa Tuisheni: Nitasema nilikosea, nigawe ubaoni. Ila namjua yule, ataniuliza kama 6,700,417 nayo ni tasa.

Bibi Hesabu: Ni tasa. Kipeuo chake hakifiki 2,589, na sharti la Euler ni lilelile, kwa hiyo kuanzia 641 zimebaki saba tu za kujaribu. Safari hii usimjibu. Mpe chaki agawe mwenyewe.