Mjadala: Igizo lenye jibu mfukoni ni jukwaa shirikishi?

Mtoa mada

Vikundi vingi vya sanaa Tanzania na Kenya vinavyolipwa na miradi ya afya, kilimo au uchaguzi husema vinafanya jukwaa shirikishi, yaani igizo ambalo watazamaji huingia wenyewe kubadilisha kisa. Kikundi kinafika kijijini saa 9 alasiri, kinapiga ngoma watu wakusanyike, kinaigiza dakika 40, kinauliza "mmejifunza nini?", saa 12 kimeondoka. Jibu liliandikwa ofisini kabla gari halijawashwa. Nasema hilo ni tangazo lenye waigizaji, na liitwe hivyo.

Augusto Boal, mwelekezi wa maigizo wa Brazil, hakuanzisha njia hii ili kufikisha ujumbe. Mwaka 1973, akiwa Peru, kikundi chake kiliigiza kisa cha mke asiyejua kusoma aliyegundua kwamba karatasi alizopewa na mumewe azitunze kama kitu cha thamani ni barua za hawara. Hadhira ikaulizwa: mume akirudi, afanyweje? Mama mmoja akasema mke azungumze naye kwa uwazi kabisa. Waigizaji wakajaribu mara kadhaa, mama hakuridhika. Mwishowe Boal akamwita apande mwenyewe. Akashika ufagio, akamcharaza "mume", kisha akamwamuru aende akamletee chakula.

Kumbe "uwazi" wake haukuwa ule wa waigizaji, na kwa maneno tu wasingeujua. Aristotle alieleza tanzia kuwa huamsha huruma na hofu hadi hisia hizo zitakasike. Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, akataka mtazamaji asilewe hisia, akae akipima. Boal aliona wote wawili wamemwacha mtazamaji kitini.

Mwelekezi wa jukwaani

Mtoa mada, kwenye tangazo nakuunga mkono. Lakini unamshusha mno mtazamaji aliyekaa. Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, iliyochapishwa 1969, haimwiti mtu jukwaani. Bado inamwachia mzigo mzito: Kinjeketile anakataa kutangaza kwamba maji ya kuzuia risasi ni uongo, kwa sababu akikana, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba hata kupigana kulikuwa kosa. Unatoka ukumbini hujui kama alifanya haki. Hakuna aliyekutakasa hapo.

Pia ushiriki si lazima uwe siku ya onyesho. Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, igizo la Ngaahika Ndeenda lilikuwa na andiko, ila mazoezi yalifanyika hadharani na wanakijiji wakasahihisha lugha ya Kikuyu na mambo ya kazi za mashambani na viwandani waliyoyajua kuliko waandishi. Lilianza kuonyeshwa Oktoba, likapigwa marufuku Novemba, na Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akakamatwa mwisho wa Desemba. Serikali ilielewa vizuri sana kwamba hadhira ile haikukaa tu.

Jambo moja pembeni: kila msimulizi akitokea jukwaani tunakimbilia kusema "Brecht". Bi Msimulizi wa Penina Muhando katika tamthilia ya Nguzo Mama ana ukoo wake. Bibi anayesema "Paukwa!" akaitikiwa "Pakawa!" alikuwa akikatiza hadithi na kuitolea maoni zamani sana kabla ya Brecht.

Mwezeshaji wa vijijini

Ndugu zangu, tushuke kwenye utendaji, maana njia hii hufia kwenye mambo madogo.

Igizo la mfano lisizidi dakika 20, na liishe vibaya. Likiisha vizuri hakuna wa kunyoosha mkono, mmeshatatua nyinyi. Liwe na sehemu mbili au tatu ambapo mwonewa angeweza kufanya vingine. Asipokuwa na pa kuchagua, watu wanaona msiba tu. Kisha rudieni tangu mwanzo. Anayetaka kubadilisha anapaza sauti "Simama!", anachukua kanga au kofia ya mhusika, anaingia.

Anayebadilishwa ni mwonewa peke yake. Mkiruhusu mtu achukue nafasi ya mwenye kuonea, mtapata mume mlevi aliyeokoka ghafla, makofi mengi, na kesho nyumbani mambo ni yale yale. Anayeigiza mwenye kuonea naye asilegee: abane kama wanavyobana kweli, bila kumdhalilisha aliyepanda. Mwezeshaji, ambaye Boal alimwita jokeri, aachane na "mmejifunza nini?" Aulize: "Alilofanya mama huyu, hapa kwetu linawezekana? Nani atamzuia?" Majaribio matano au sita yanatosha, zaidi ya hapo watu wanarudia.

Mpangilio nao unaua. Duara la safu tatu au nne, usawa wa ardhi. Hadhira ikizidi watu 200 bila vipaza sauti, nusu hawasikii na wanaanza soga. Watoto wapewe michezo yao kando, la sivyo wanajaza mbele. Mwenyekiti wa kijiji akikaa kiti cha heshima mita mbili kutoka kwa waigizaji, igizo la ardhi litapata wa kumsifu tu. Wanawake wakutane peke yao siku moja kabla, na waliyosema yaingizwe bila kutaja nani kasema.

Mratibu wa mradi

Sawa, lakini mnataka kipindupindu kipigiwe kura? Maji yachemshwe au yatiwe dawa, hilo halina mjadala. Mfadhili akitaka ujumbe sahihi ufike, ana haki. Na kukaa siku 14 kijijini ili kufanya hayo yote kunagharimu mara kadhaa ya alasiri moja.

Mwezeshaji wa vijijini

Mratibu, ukweli wa kitabibu hauletwi kwenye igizo ujadiliwe. Kinacholetwa ni kizuizi. Nani anatafuta kuni za kuchemshia? Nani anashika pesa ya dawa? Mume akisema maji yenye dawa yananuka, mke anafanyaje? Hayo hamyajui ofisini, na alasiri moja haitawaambia. Ndiyo maana Penina Mlama (ndiye huyo Muhando wa Nguzo Mama) na Amandina Lihamba, katika kazi ya kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianza kwa utafiti pamoja na wanakijiji, wakachambua, ndipo likaja onyesho, mjadala na ufuatiliaji. Ukiondoa utafiti na ufuatiliaji ili kuokoa fedha, umebakiza sehemu inayopigwa picha.

Mtoa mada

Kwenye ufuatiliaji ndipo ninapokazia. Boal alipokuwa diwani Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, mapendekezo ya majukwaa yalipelekwa barazani, na sheria 13 zikapita. Sisi Tanzania tuna mkutano mkuu wa kijiji unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Onyesho liwekwe wiki moja au mbili kabla yake, mtu mmoja aandike kila jaribio lililofanywa, na wanakijiji wachague watatu wa kuyawasilisha.

Mwelekezi, nimekubali kuhusu Kamĩrĩĩthũ. Mazoezi ya wazi ni ushiriki kamili. Ila mkataba unaotaja "ujumbe sita muhimu" na kukataza kubadili maneno, huo sitauita shirikishi hata kikundi kipande jukwaani na ufagio.