Akiba yangu imeliwa na makato, kisha nikaambiwa nilipie kuifunga akaunti

Wakuu, sitazunguka. Nimetoka benki jana asubuhi, nikalala na hasira, nikaamka nayo. Naiandika hapa kabla haijanimaliza.

Miezi 14 iliyopita niliweka pesa ya dharura kwenye akaunti ya akiba. Sikutoa, sikuhamisha, hata kadi yenyewe niliiacha kabatini. Wiki hii ndugu yangu amelazwa, nikasema ndiyo siku yenyewe. Nafika dirishani, keshia ananitajia salio, nikadhani amefungua akaunti ya mtu mwingine. Nikamwomba arudie. Akarudia namba ileile. Karibu theluthi moja ya pesa yangu haipo.

Nikamuuliza nani ametoa. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hakuna aliyetoa, ni makato ya kawaida."

Sina ugomvi na yule keshia, yeye kaajiriwa tu. Lakini hilo neno "kawaida" limenikaa kooni mpaka sasa.

Nikaomba taarifa ya akaunti ya miezi yote. Kumbe kila ukurasa unalipiwa, na malipo yanachukuliwa humohumo kwenye akaunti. Nikakubali, nikaenda nayo nyumbani, nikakaa na kalamu nyekundu. Ada ya uendeshaji, kila mwezi. Ada ya kadi ya mwaka, kadi ambayo haijawahi kuingia kwenye mashine. Ada ya meseji za taarifa, na meseji zenyewe zilikuwa zinakwenda kwenye laini niliyoacha kuitumia (hilo nakubali ni kosa langu, nilipaswa kubadilisha namba). Riba niliyopewa kwa miezi yote 14 haifikii hata ada ya mwezi mmoja.

Mpaka hapo ningenung'unika tu na kunyamaza. Kilichonipandisha kiko ukurasa wa tatu. Ada hizo zilipoendelea kukatwa, salio likashuka chini ya kiwango cha chini kinachotakiwa. Mwezi uliofuata ikaanza adhabu ya salio kuwa chini ya kiwango, na adhabu hiyo ikalishusha zaidi, nayo ikajirudia kila mwezi hadi juzi. Someni vizuri wakuu: sikulishusha mimi. Walilishusha wao kwa mikono yao, kisha wakaniadhibu kwa kushuka. Na juu ya hapo ikaja ada ya akaunti kulala, kwa sababu sikuigusa. Akaunti ya AKIBA. Akiba ukiigusa si akiba tena!

Nielewekeni, sidai benki ifanye kazi bure. Mitambo, walinzi, wafanyakazi, vyote vina gharama. Lakini amana zetu hazilali kwenye sanduku. Benki inazikopesha kwa riba kubwa kuliko ile inayotupa sisi, na tofauti hiyo ni mapato yake. Kwa hiyo pesa yangu ilikuwa inawafanyia kazi miezi yote 14. Nililipa kwa kuwakopesha.

Na anayeumia zaidi ni mwenye kidogo. Ada ya mwezi haijali una mamilioni au una nauli ya wiki, inakata kiasi kilekile. Mwenye mamilioni haioni. Tena mara nyingi yeye anasamehewa kabisa, kwa sababu salio lake kubwa linamfikisha kwenye akaunti isiyo na ada. Mwenye nauli ya wiki ndiye anayeadhibiwa kwa kuwa na nauli ya wiki.

Kuna mchezo mwingine ambao wengi hatuujui, nao hauko kwa benki moja wala nchi moja: mpangilio wa malipo. Tuseme una salio la 100, na siku moja yanaingia malipo manne: 10, 15, 20 na 95. Benki ikianza na madogo, matatu yanapita na moja linakwama, unapigwa faini moja. Ikianza na lile la 95, linabaki 5, matatu yote yanakwama, faini tatu. Pesa ni ileile, mteja ni yuleyule, siku ni ileile. Marekani wateja waliwashtaki benki kadhaa kwa jambo hili, na mwaka 2011 Bank of America ilikubali kulipa dola milioni 410 kuimaliza kesi yake. Kuna pia lile la malipo yaliyokwama kujaribiwa tena na tena, kila jaribio na faini yake. Mwaka 2022 wasimamizi wa benki hukohuko Marekani walitoa mwongozo wa kuzionya benki juu ya faini hizo za kurudiarudia. Ukiwa na mkopo au ada ya huduma inayokatwa yenyewe kila mwezi, hebu nenda kaangalie kama hujawahi kukatwa mara mbili kwa deni moja.

Ndiyo maana siwashangai watu kwa mbinu wanazotumia. Mwenzangu kazini hukwangua akaunti yote siku mshahara unapoingia, anaacha kiasi cha kuifanya isifungwe tu. Anatembea na mshahara mzima mfukoni, akiibiwa njiani basi. Mwingine hutoa mara moja kwa mwezi kwa mkupuo, maana kutoa mara tano ni ada mara tano. Shemeji yangu ana akaunti kwenye benki tatu na anazungusha hela kati yake ili kila moja ionekane hai. Wapo waliohamia vyama vya akiba na mikopo, na wapo waliorudi kuficha chini ya godoro. Na wengi sana wameitelekeza tu akaunti, wakidhani imekufa, kumbe inaendelea kukatwa mpaka inakuwa hasi, na siku wakirudi kuomba huduma wanakutana na deni. Kama una akaunti ya hivyo, usiitelekeze. Ifunge kwa maandishi, udai uthibitisho kwamba imefungwa.

Mimi nilipotaka kuifunga palepale, nikaambiwa kuna ada ya kufunga. Nilikaa kimya kama dakika nzima. Sikuwa na maneno.

Msiniambie "ndivyo benki zilivyo". Zinabadilika zikibanwa. Uingereza benki zilikuwa zinatoza faini zisizobadilika kwa mteja aliyetumia zaidi ya salio lake, na Aprili 2020 mamlaka ya usimamizi ikapiga marufuku faini hizo, ikabaki riba inayoeleweka. Bank of America hiyohiyo, mwaka 2011, ilitangaza ada ya dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi. Wateja walipiga kelele, wakasaini malalamiko, wakatishia kuhama, na kabla ada haijaanza kukatwa benki ikaifuta. Ilikuwa Novemba 1.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeandika barua, nakala mbili. Nimeorodhesha kila kato kwa tarehe yake, nimedai nirudishiwe adhabu zote za salio la chini kwa sababu zimesababishwa na makato yao wenyewe, na nimeomba wanionyeshe kifungu nilichosaini kinachoruhusu ada ya kulala kwenye akaunti ya akiba. Nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Meneja wa tawi aliniambia hakuna haja ya barua, "tutaliangalia". Nikamwambia haja ipo, gonga muhuri. Wasipojibu ndani ya muda unaotakiwa, barua hiyohiyo inakwenda kwa mamlaka inayosimamia benki, maana bila ushahidi kwamba ulianza kulalamika kwenye benki yako, mara nyingi wanakurudisha ulikotoka.

Hela ya hospitali nimekopa kwa rafiki. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilijinyima mwaka mzima na zaidi ili siku hii nisikope.

Sasa nataka kusikia kwa waliowahi kupigania hizi hela na wakarudishiwa. Mliandika nini? Mlirudishiwa zote au nusu? Na ilichukua siku ngapi? Wale wanaofanya kazi benki pia, naomba mniambie kwa ukweli: meneja wa tawi ana uwezo wa kufuta hizi adhabu mwenyewe, au ananizungusha?