Mjadala: Je, picha ya MT pekee inatosha kuamua pa kuchimba kisima cha jotoardhi?

Mdadisi_wa_Chini: Wakuu salaam. Kisima kirefu cha jotoardhi kinakula mamilioni ya dola, na ripoti nyingi ninazosoma zinaamua kwa picha ya magnetoteluriki (MT), yaani ramani ya ukinzani wa umeme wa miamba chini ya ardhi, inayochorwa kwa mawimbi ya asili ya sumakuumeme: palipo pekundu, penye ukinzani mdogo, chimba. Hivi inatosha? Maana tunajua nusu ya picha hizo zimepikwa.

Koili_Tatu: Zimepikwa na nani? Sisi tunakesha porini kulinda nyaya zisitafunwe na panya, halafu mtu wa kivulini anatuita wapishi! Upepo ukitikisa koili ya kupimia sumaku, inarekodi mtikisiko. Kuutoa huo si kupika.

Mdadisi_wa_Chini: Mbona pointi za data mnazotoa ni zilezile zinazogoma kukaa kwenye modeli ya kompyuta?

Bi_Awamu: Hapo kagusa penyewe. Kwa mawimbi ya juu ya hezi 1 tunategemea radi, chini yake upepo wa jua (chembe zinazopulizwa na Jua), na pale kati ishara ni hafifu mno. Kwenye mwamba wenye ukinzani wa omu-mita 10, wimbi la sekunde 1 (hezi 1) linazama kama kilomita 1.6, yaani palepale tunapotaka kuchimba! Watu wanalainisha mstari wa grafu wanasonga mbele. Pointi mbovu ipewe kiwango kikubwa cha kosa, ibaki ionekane.

Koili_Tatu: Dada, mbinu ya kituo cha rejea, yaani kupima wakati uleule mahali pengine mbali, ipo tangu 1979, ya mtafiti Gamble na wenzake. Kelele za hapa haziko kule, zinajifuta.

Bi_Awamu: Zinajifuta zisipofanana. Reli ya umeme inachafua makumi ya kilomita. Rejea yako uliiweka wapi?

Koili_Tatu: Sikuja kufanya mtihani.

Bi_Awamu: Basi umeshafeli 😂

Mwamba_Mbichi: Mnagombania pointi, kosa liko kwenye rangi. Nyekundu ile mara nyingi ni smektaiti, udongo wa mfinyanzi unaofunika hifadhi ya maji ya moto. Joto likipita nyuzi 200 na ushei unageuka madini ya ilaiti na kloraiti, ukinzani unapanda. Maji ya moto yako chini ya wekundu. Tena mfumo unaweza kupoa zamani, udongo ukabaki palepale unawadanganya.

Koili_Tatu: Hilo kila mtu analijua. Turudi kwa aliyesema tunapika.

Bi_Awamu: Turudi. Kiraka kidogo cha udongo karibu na elektrodi kinashusha mstari mzima wa ukinzani, awamu (kuchelewana kwa mawimbi ya umeme na sumaku) haiguswi, na kina chote kinakuwa uongo. Ulipima TEM, njia ya sumaku isiyodanganywa na kiraka hicho, kuurudisha mstari?

Koili_Tatu: Inveshoni ya 3D, yaani kompyuta kutafuta modeli inayolingana na data, inamaliza hilo yenyewe.

Bi_Awamu: Kwa kubandika viraka juu juu! Modeli ya kuanzia ilikuwa ipi?

Koili_Tatu: Omu-mita 100 kote. Kawaida.

Bi_Awamu: Anza na 10, tuone kama lile doa jekundu la picha yako, lililo kina cha kilomita 5, litabaki.

Koili_Tatu: Muda wa kompyuta utalipa wewe?

Mdadisi_wa_Chini: Kwa hiyo tuchimbe au tusichimbe?

Koili_Tatu: Wewe nyamaza, ndiye uliyeanza.