USS Constitution: ushujaa au manowari kubwa kuonea ndogo?

NAHODHA WA PEMBA: Wakuu, hii manowari ya Wamarekani iliyoshushwa majini Boston mwaka 1797 inasifiwa mpaka leo eti iliipiga Guerriere ya Waingereza tarehe 19 Agosti 1812. Mi nasema walionea. Mizinga yao mikubwa ilikuwa ya kurusha risasi za ratili 24, ya mwenzao ratili 18, na mabaharia pia waliwazidi kwa mbali. Ushujaa uko wapi hapo?

KILINDINI: Kuonea ndo nini kaka? Waingereza walikuwa na jeuri, wameshazoea kushinda baharini. Nusu saa na kidogo tu Guerriere haina mlingoti hata mmoja, kesho yake ikachomwa moto maana haivutiki. Desemba ikafuata Java, manowari nyingine ya Waingereza, pwani ya Brazil. Mwaka 1813 wakubwa wa London wakatoa amri frigeti zao (manowari za wastani kama hizo) zisizikabili hizo kubwa za Marekani zikiwa peke yake. Amri kama hiyo haitolewi kwa sababu ya bahati. Na ule ubavu wa mwaloni wa Georgia, kusini mwa Marekani, risasi zilikuwa zinadunda!

BINTI WA TANGA: Huo mwaloni unaoutaja kwa raha hivyo uliukata wewe? Kule visiwani Georgia watumwa ndo waliingizwa kwenye matope na mbu kuangusha ile miti. Mkisifu ubavu wasemeni na wao.

KILINDINI: Dada mada ni vita vya 1812 vya Marekani na Uingereza. Na kama ni watumwa, meli hiyohiyo mwaka 1853 ilikuwa pwani ya Afrika inasaka walanguzi, ikaikamata Gambrill.

BINTI WA TANGA: Gambrill ya Wamarekani wenyewe! Halafu mwishoni mwa 1844 nahodha Percival aliipitisha Constitution Zanzibar, watumwa wanauzwa waziwazi, ikaondoka kama ilivyokuja. Wamarekani walikuwa na mkataba na Seyyid Said tangu 1833, wanabeba pembe za ndovu na sandarusi, nani angeharibu biashara?

MWALIMU SHABANI: Hapo unawabebesha mzigo usio wao. Sheria yao iliwaruhusu kukamata meli za bendera yao tu, na Zanzibar ilikuwa na mwenyewe.

BINTI WA TANGA: Mwalimu shikamoo, lakini hiyo bendera ndo walanguzi wengi waliipandisha makusudi ili Waingereza wasiwapekue. Sheria ikawa kinga ya mwizi, na wewe unaitetea.

MWALIMU SHABANI: Marahaba. Sitetei mtu, nasema baharia aliyetumwa hakuitunga yeye.

FUNDI JAHAZI: Mnagombania meli ipi? Mbao za mwanzo zimebaki kidogo sana, imefanyiwa matengenezo makubwa mara nyingi.

NAHODHA WA PEMBA: Fundi, mkuku wake, ule uti wa chini wa chombo, ni uleule wa 1797, na chombo ni mkuku, wewe unajua kuliko sisi. Ila Kilindini hajanijibu bado: ratili 24 kwa 18, huo ni mchezo sawa?

KILINDINI: Nimekujibu, soma tena. Aliyejenga meli nyepesi alaumiwe yeye, sio aliyejenga nzito.