Naomba ushauri: wanasihi watatu, nimchague yupi?

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Mama alifariki miezi minane iliyopita, tangu hapo usingizi umenikimbia. Kituo cha ushauri nasaha kimenipa maelezo ya wanasihi watatu nichague mwenyewe. Wa kwanza alikuwa muuguzi, anatumia tiba ya utambuzi na tabia. Wa pili alikuwa mwalimu, anafuata njia ya Carl Rogers. Wa tatu amebobea kwenye kiwewe, anatumia EMDR. Nimesoma mara tatu, bado niko gizani.

Nyota_ya_Jaha: Pole sana kwa msiba. Mimi ningeenda kwa muuguzi. Huyo amekaa na wafiwa wengi.

Sikio_la_Pili: Pole sana ndugu yangu. Hii ndiyo kazi yangu, ngoja nikueleze. Tiba ya utambuzi na tabia ilianzishwa na Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960. Mnalichukua wazo linalokusumbua, mfano "ningemwahisha hospitali angepona", mnalipima kama kweli lina ushahidi. Utapewa na kazi za kufanya nyumbani. Ina tawi lake maalumu la kukosa usingizi, na linasaidia. Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliamini kwamba mtu akisikilizwa kwa dhati, bila kuhukumiwa, huiona njia mwenyewe. Huko usitarajie maelekezo mengi. EMDR ilianzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987: unakumbuka tukio huku macho yakifuata kidole kinachokwenda kushoto na kulia. Inawafaa hasa wanaorudiwa na picha za jambo la kutisha. Sasa nikuulize: usiku kinachokuweka macho ni nini?

Mleta mada: Siyo picha. Alinipigia simu jioni ile, sikupokea. Nilisema nitampigia kesho. Sijawahi kumwambia mtu.

Sikio_la_Pili: Asante kwa kutuamini na hilo. Basi anza na mmoja kati ya wale wawili wa kwanza. Siku ya kwanza muulize: ameshawahudumia waliofiwa? Nani anasimamia kazi yake? Siri zangu utazitunzaje, na ni wakati gani utalazimika kuzitoa? Ikionekana unahitaji dawa, atakupeleka kwa daktari. Na ukifika kuwaza kujidhuru, usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mama_Pacha: Mimi nilianza na mwenye vyeti vingi. Kila nikilia, anatazama saa. Nilivumilia vikao sita nikidhani tatizo ni mimi! Niliyehamia kwake aliniacha ninyamaze hadi maneno yakaja yenyewe. Usivumilie kama mimi.

Sikio_la_Pili: Kweli kabisa dada. Hata tafiti zinaonyesha uhusiano wa mteja na mnasihi unachangia sana kupona, mbinu iwe yoyote. Kuhama siyo kumkosea mtu.

Mleta mada: Nimepiga simu leo asubuhi, nimemwomba yule mwalimu. Ni Alhamisi saa nne. Maswali nimeyaandika kwenye karatasi, na ile habari ya simu nimeiandika ya kwanza, nisije nikaikwepa.