Mama wa watoto watatu, Pasiansi, Mwanza: muda wa kukimbia mnautoa wapi?

MamaKulwa_Pasiansi

Mwangaluka wakuu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Nataka kuanza kukimbia. Siyo mazoezi ya kupunguza tumbo, mwili wangu naupenda ulivyo na fundi wangu wa nguo ameshauzoea. Nasema kukimbia masafa: kilomita tano, kumi, na Mungu akipenda nusu marathoni, ile ya 21 na ushee. Kila Rock City Marathon ikifika naona watu wenye mvi wanakatiza mjini na namba kifuani, wanacheka, na mimi nimesimama na mfuko wa nyanya.

Siyo kwamba sijawahi. Sekondari nilikimbia mita 1500 kwenye michezo ya shule, UMISSETA. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa hachoki kututajia Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, huku sisi tunazunguka peku kwenye vumbi. Niliishia ngazi ya mkoa, lakini pumzi nilikuwa nayo. Sasa nina miaka 36.

Ratiba yangu hii hapa, msije mkaniambia "panga muda" bila kuiona. Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Uji, sare, madaftari. Gari la shule linampitia mkubwa, yuko darasa la tatu, saa kumi na mbili na dakika kumi, na yule dereva akipiga honi mara mbili ameondoka. Mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka minne, nawapeleka chekechea hapo jirani saa moja na nusu. Saa mbili na robo natakiwa mjini, duka la vifaa vya ujenzi, natunza hesabu na stoo. Natoka saa kumi na moja jioni. Daladala, sokoni Kirumba, nyumbani. Hapo kuna kuogesha, kuna kazi za shule, kuna jiko. Watoto wakilala saa tatu, na mimi nimekwisha. Baba yao yuko zamu ya usiku kiwanda cha samaki, anaondoka saa moja na nusu jioni na kurudi saa moja asubuhi. Dada wa kazi alienda kwao Sengerema kula Krismasi, bado anaila.

Asubuhi nikisema nitoke kabla ya uji ni giza tupu, mbwa wa kwenye mageti bado wako nje, na bodaboda nusu yao hawana taa. Jioni kuna macho ya watu. Nilijaribu kukimbia kidogo barabara ya kwenda uwanja wa ndege, vijana wa kijiweni wakaniuliza nani amekufa.

Naomba wazoefu mniambie: saa ngapi, wapi, na raba za namna gani. Na niseme ukweli wote, nataka pia nusu saa ambayo hakuna mtu anaita "mama". Kuna na jambo la kike ambalo sitaliandika hapa, mwenye ujuzi anicheki pembeni.

kijiwe_Igogo

Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03. Wewe dada unatafuta saa nzima. Pole sana.

Ngosha_wa_Nyegezi

Mama Kulwa, mwangaluka. Mpuuze huyo wa Igogo, hata daladala ikimwacha hakimbii.

Mimi ni mwalimu, baba wa wanne, nilianza nikiwa nimeshapita arobaini. Tuanze na giza, maana watu wengi Mwanza wanashindwa hapo na kudhani ni uvivu. Ushauri mwingi wa "amka saa kumi na moja ukimbie" umeandikwa na watu wa Dar. Saa zetu nchi nzima zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na Mwanza tuko karibu na nyuzi 33. Jua linatufikia limechelewa. Dar linatangulia kwa karibu nusu saa. Hapa kwetu mwezi wa pili linachomoza karibu kabisa na saa moja. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi mwenzio wa Mbezi anaona njia, wewe unaona macho ya mbwa tu. Ila kinachopotea asubuhi tunarudishiwa jioni: mpaka saa moja kasorobo hivi mwanga upo, na jua limeshapoa. Mtu wa Mwanza mwenye gari la shule la saa kumi na mbili na dakika kumi ni mkimbiaji wa jioni, basi.

Mahali. Usianze na barabara. Tafuta uwanja wa shule ya msingi ulio karibu, kaongee na mwalimu mkuu au mlinzi. Uwanja kamili wa mpira ni mita 105 kwa 68, ukiuzunguka mara moja ni mita 346. Mara tatu umepita kilomita. Mapacha waache katikati na mpira. Unawaona muda wote, wanakuona muda wote, na vijana wa kijiweni hawapo. Inachosha akili kuzunguka, sikatai, lakini huhitaji dada wa kazi.

Sasa namna ya kukimbia, na hapa nakuogopea kuliko ningemwogopea ambaye hajawahi. Wewe kichwa chako kinakumbuka kasi ambayo magoti yameshasahau. Pumzi na moyo vinarudi haraka, wiki chache tu unajisikia shujaa. Mifupa na kano vinachelewa, na hapo ndipo ugoko unaanza kuuma, kisha kisigino, kisha unauza raba. Kimbia dakika moja, tembea mbili. Rudia mpaka itimie nusu saa, na kutembea kumo. Mara tatu kwa wiki, usiunganishe siku. Ukizoea, dakika za kukimbia ziongeze taratibu na za kutembea zipunguze. Kipimo cha kasi ni mdomo: uwe unaweza kumweleza Doto asile mchanga, sentensi nzima, bila kukatika. Ukishindwa kuimaliza, umekwenda mbio mno. Utaona aibu kwa unavyokwenda polepole. Vumilia hiyo aibu. Hata wanaoshinda mashindano, kilomita zao nyingi za mazoezi ni za polepole.

Kilomita usizihesabu kwanza. Hesabu dakika.

Mzee_wa_Kamanga

Kanda hii tumemtoa Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Moscow 1980. Huyo alikuwa anakimbia kwa ajili ya taifa. Mama wa watoto watatu akikimbia jioni, chakula nani anapika? Nauliza tu.

MamaKulwa_Pasiansi

Mzee, shikamoo. Chakula kinapikwa nyumbani kwangu kila siku na hakijawahi kukufikia Kamanga, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nacho.

Ngosha, wabeja sana. Hilo la jua sikuwahi kuambiwa. Nimeishi hapa tangu nizaliwe nikijiona mimi ndiye mzito wa kuamka. Uwanja wa shule upo, dakika tano kwa miguu. Tatizo ni mkubwa wangu. Anarudi na mazoezi ya hesabu, na asiposimamiwa anachora magari.

Nyota_wa_Bwiru

Mama Kulwa, mimi kazi yangu ni tiba ya viungo. Jambo lako la kike nadhani nalijua, na nitaliandika hapa hadharani maana wanaolisoma kimyakimya ni wengi: mkojo kutoka ukikimbia, ukiruka au ukipiga chafya. Kama siyo lako, basi ni la jirani yako.

Ni kawaida sana kwa waliozaa, na waliobeba mapacha walibeba uzito zaidi, lakini siyo kitu cha kuishi nacho eti kwa sababu wewe ni mama. Kuna misuli inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini. Inalegea, na inaimarika kwa mazoezi kama msuli mwingine wowote. Ibane kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia ukihesabu mpaka tano huku unapumua, achia kabisa, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Kwenye daladala unaweza, stoo unaweza, hakuna atakayejua. Usifanye ukiwa unakojoa kweli, siyo vizuri kwa kibofu. Inataka miezi, siyo siku. Kama kuna uzito unaoshuka ukeni, au maumivu, usikimbie kwanza, nenda hospitali uonwe. Na kwa mabinti wenye vichanga wanaosoma hapa: subirini angalau miezi mitatu baada ya kujifungua kabla ya kukimbia. Kutembea ruksa mapema zaidi.

Sidiria ya mazoezi inunue kabla ya raba. Nimemaliza. Mavazi: suruali ya kubana ndani, sketi ya michezo au kanga fupi juu kama macho yanakusumbua. Ukihamia barabarani kimbia upande wa kulia, magari yaje mbele yako uyaone, na uvae kile kizibao cha kung'aa wanachovaa bodaboda. Simu iache nyumbani au uizime mlio.

Kisha nina swali, na usinichukie. Nimeisoma ratiba yako mara mbili. Mzee wako anaingia saa moja asubuhi, analala. Anaondoka saa moja na nusu jioni. Tuseme saa tisa, saa kumi ameshaamka. Wewe unafika nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Toka hapo mpaka anaondoka ni saa moja na nusu nzima, na nje kuna mwanga. Kwenye ratiba yako wamo watoto, dereva wa gari la shule, mpaka dada wa Sengerema. Baba Kulwa katika hiyo saa moja na nusu anafanya nini?

kijiwe_Igogo

Duh.

Ngosha_wa_Nyegezi

Hapo mimi nilipita bila kuona, na ni mwanaume, labda ndiyo sababu.

MamaKulwa_Pasiansi

Dada Nyota, jambo lenyewe ndilo hilo. Mungu akubariki kwa kuliandika.

Swali lako nilikaa nalo siku mbili. Jibu: anakaa kibarazani, anasikiliza taarifa ya habari, anasubiri chakula cha kuondokea. Siyo mtu mbaya. Hajawahi kukataa, na mimi sijawahi kumwomba. Nilikuwa nimeshamweka kwenye hesabu ya watu wa kuhudumiwa.

Jana nilimwambia. Sikumwambia "nikipata muda nataka niwe nakimbia", nilimtajia siku: Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili mpaka kumi na mbili na nusu, wewe uko na watoto na hesabu za darasa la tatu. Akauliza unakimbilia wapi. Nikamwambia naenda na kurudi palepale. Akafikiri. Akasema sawa, ila siku hizo atapika dagaa, maana ndiyo anachokijua, na mtu asiseme kitu kuhusu chumvi. Nimekubali masharti yote. Chakula cha kuondokea atajipakulia mwenyewe.

Bado siku ya tatu. Jumamosi duka tunafunga saa nane, hiyo nitawachukua mapacha uwanjani kama alivyosema Ngosha.

Mzee_wa_Kamanga

Dagaa wa Mwanza mtu hukosei, hata ukizidisha chumvi. Marahaba mama, nimekuelewa. Lakini nikuonye kwa nia njema, maana nimekaa na ziwa maisha yangu yote: vijana wakimaliza jogingi Jumapili wanakwenda kusimama majini kupoza miguu. Usifanye. Pale penye majani na konokono ndipo kichocho kilipo, kinaingia kwa ngozi hata ukiloweka miguu tu. Watoto ndiyo usiwaruhusu kabisa. Oga nyumbani, maji ya ndoo.

Nyota_wa_Bwiru

Mzee amesema kweli tupu. Na kama umewahi kuchota maji au kufua ziwani, kapime. Dawa yake ipo, ni vidonge.

Ngosha_wa_Nyegezi

Raba. Usinunue mpya za bei mbaya kwa sasa. Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja, lakini wahi robota linapofunguliwa, ukichelewa wanakuwa wameshachagua wa kuuza Makoroboi. Iangalie hivi: ikunje, ikunjike pale vidole vinapokunjikia, siyo katikati. Geuza soli, ukiona kisigino kimelika upande mmoja iache, hata iwe nzuri juu kiasi gani, huo ni mguu wa mtu mwingine unauvaa. Mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya unene wa kidole. Ijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba wa siku nzima. Na usikubali muuzaji akuambie "itatanuka".

Kuna kikundi chetu Jumamosi asubuhi, tunaondokea nje ya uwanja wa CCM Kirumba saa kumi na mbili na nusu. Wapo wamama wanne, mmoja ana wajukuu. Tunarudi saa mbili kasorobo. Ukitimiza mwezi mmoja wa uwanjani bila ugoko kuuma, karibu. Capri Point siku ya kwanza hatukupeleki, kuna vilima.

MamaKulwa_Pasiansi

Jumamosi asubuhi duka liko wazi, lakini nitaomba kuingia saa tatu, nimewafungia hesabu za mwaka bila kulalamika.

Navaa namba 39. Mwenye kujua muuzaji Mlango Mmoja asiye na maneno mengi anitajie kizimba. Na Ngosha, nikija na Doto tu, Kulwa akabaki na baba yake siku asiyokuwa zamu, mtamkataa?

Ngosha_wa_Nyegezi

Doto atakaa na yule bibi, huwa anaishia mzunguko wa kwanza na kulinda maji yetu. Mletee sweta.